Asali Haitoi Fatwa

Jin ya siku hizi haiji mezani bila nasaba. Zamani mnywaji aliambiwa jina la kampuni na kiwango cha kileo, basi. Leo lebo inamsimulia msitu mzima: asali iliyorinwa kwenye mizinga ya magogo, majani yaliyochumwa kwa mkono, tunda ambalo mababu walilitumia kama dawa. Huko Rasi ya Magharibi, Afrika Kusini, watengenezaji kama Inverroche wamejijengea jina kwa fynbos, vile vichaka vya pwani vyenye mimea mingi isiyoota kwingine kokote duniani. Nairobi kuna Procera, jin iliyobeba jina la kisayansi la mtarakwa wetu, Juniperus procera, mti ambao Usambara wanauita mwangati na ambao ndio mjunipa pekee uliovuka ikweta na kuota wenyewe kusini. Wengine wamefuata njia hiyo, na katika viungo vyote wanavyovitafuta, asali ndiyo yenye bahati zaidi, kwa kuwa haina adui. Hakuna dini iliyoenea kwetu inayoilaani asali, wala daktari anayeitaja kwa hasira, wala mzee wa kijiji anayeikataa akiletewa. Hapo ndipo linapozuka swali lililo la kale kuliko jin yenyewe: je, wema wa kitu hurithiwa na kile kinachotengenezwa kwacho? Lebo inajibu ndiyo, bila kulisema waziwazi. Mimi nasema hapana, na sihitaji kwanza kuamua kama pombe ni haramu au halali ili niseme hivyo.

Tuanze na mtambo. Jin nyingi huanzia kwenye spiriti ya nafaka au ya miwa iliyokenekwa hadi ikakaribia kuwa kileo kitupu. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka spiriti ya namna hiyo ifike angalau asilimia 96. Ikifika hapo, hakuna ulimi wa kukwambia kama ilitoka kwenye ngano ya Ufaransa au kwenye muwa wa Muhoroni, na hilo ndilo lengo la kuikeneka kiasi hicho. Kisha matunda ya mjunipa, mbegu za giligilani, maganda ya machungwa na mimea mingine hulowekwa humo, au huning'inizwa juu ili mvuke upite katikati yake, na moto huwashwa upya. Mafuta yenye harufu ni mepesi, kwa hiyo hupanda pamoja na mvuke. Sukari haipandi. Ukiitia asali ndani ya mtambo, sukari yake na rangi yake hubaki chini pamoja na masimbi ya kahawia yanayosuguliwa na kumwagwa kazi ikiisha, na kinachofika kwenye chupa ni harufu peke yake. Hata chavua hubaki chini. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu chavua ndiyo humwezesha mtaalamu mwenye hadubini kusema nyuki hawa walitua kwenye maua gani, na kwa hiyo asali hii ni ya nchi gani. Ushahidi wa mahali, yaani kile kile ambacho lebo inajivunia, unamwagwa pamoja na masimbi. Wapo wanaotia asali baada ya kukeneka, na hapo ipo kweli, kwa vijiko vya kuhesabika. Ila kinywaji hicho hakiruhusiwi tena Ulaya kuitwa London Gin, kwa kuwa jina hilo halivumilii sukari inayozidi gramu 0.1 kwa lita. Na hata hapo, kilichomlewesha mnywaji kingemlewesha vilevile bila asali. Sisemi kwamba watengenezaji wanadanganya. Harufu ni kitu halisi, na anayejua kuikamata ana ustadi wa kuheshimiwa. Nasema tu kwamba kutoka kwenye harufu hadi kwenye wema wa asali ni safari ndefu, na lebo inaikatia njia ya mkato.

Mafakihi wa Kiislamu walikutana na jambo hili mapema mno, na kwa asali hasa. Abu Musa al-Ash'ari alipotumwa Yemen alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu vinywaji viwili vya watu wa huko, kimoja cha asali kiitwacho bit'i na kingine cha shayiri kiitwacho mizri. Ingekuwa rahisi kuitetea bit'i kwa nasaba. Sura An-Nahl, ile ya Nyuki, katika aya ya 69 inakitaja kinywaji kinachotoka matumboni mwa nyuki kuwa kina ponyo kwa watu. Hakuna chakula kingine kilichopata cheti kama hicho. Lakini jibu lililopokewa na Bukhari na Muslim halikuingia kabisa katika ubora wa asali. Lilitoa kanuni: kila kinywaji kinacholevya ni haramu. Hukumu ilifungwa kwenye kile ambacho kinywaji kinamtenda mtu, na asali ikaachwa palepale na heshima yake yote, bila kuitwa mahakamani kutoa ushahidi.

Msomaji aliyesoma kidogo atanikatiza hapa, na ana haki. Kufa, katika karne ya 8, Abu Hanifa alitofautisha kwa asili ya kinywaji. Hamri halisi kwake ilikuwa maji ya zabibu yaliyochacha, ambayo hata tone lake ni haramu. Vinywaji vya asali na nafaka alivipa hukumu nyingine, akaufunga uharamu kwenye kiasi kinacholevya. Kumbe basi nasaba ilipata kuhesabiwa. Ndiyo, ilipata, na kilichofuata ndicho kinachonipa nguvu. Muhammad al-Shaybani, mmoja wa wanafunzi wake wakubwa, hakukubaliana naye, na Wahanafi wa baadaye wakaifanya rai ya mwanafunzi kuwa ndiyo ya kutolea fatwa. Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, na Maibadhi wa Oman na Unguja, hawakuufungua mlango huo tangu mwanzo. Tena kuna upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo. Mvinyo ukigeuka wenyewe kuwa siki, mafakihi wanasema siki hiyo ni safi, mtu ale na achovye mkate wake. Hakuna anayeikumbushia siki kwamba mama yake alikuwa mvinyo. Nasaba haimwokoi mwana, na haimhukumu pia.

Upande mwingine kabisa wako wazee wa muratina, ile pombe ya asali, ambao hawakuhitaji fikihi na hawakuona dhambi katika asali iliyochacha. Kazi yao inafaa kutazamwa kwa karibu. Tunda la mwegea, lile refu lililonenepa linaloning'inia kwa mkia wake, hupasuliwa, huchemshwa na kuanikwa, kisha huloweshwa kwa maji ya asali na kuanikwa tena, hadi nyuzi zake zishike hamira. Kipande hicho hutumbukizwa kwenye maji na asali karibu na moto, povu likapanda, na kinywaji kikiisha kunywewa kipande hutolewa, hukaushwa na kutunzwa kwa ajili ya siku nyingine. Miongoni mwa Wagikuyu kilimiminwa kwenye pembe, kikanywewa kwenye mahari, kwenye kusuluhisha ugomvi, kwenye shughuli za rika, na sehemu yake ikamwagwa chini kwa ajili ya waliotangulia. Wakamba wana chao, Waogiek wa msitu wa Mau wana chao, Tanzania kuna wanzuki, na Ethiopia wanapika tej kwa asali na majani ya gesho. Sasa uliza: ni nini kilichokifanya kinywaji hicho kuwa cha heshima? Wazee hawakujibu kwa kutaja ubora wa maua. Heshima ilikaa kwenye uzio uliokizunguka: nani anakunywa, siku gani, mbele ya nani, baada ya jambo gani. Asali ile ile, pembe ile ile, ikiwa mikononi mwa kijana aliyejificha, ilikuwa aibu ya ukoo. Kwa hiyo fakihi wa Kishafii na mzee wa Murang'a, ambao wangebishana mchana kutwa kuhusu kama kinywaji hiki kinywewe au kimwagwe, wanakubaliana juu ya jambo moja: hukumu haikai kwenye kiungo.

Kuna atakayesema kwamba uzio huo wa wazee ulikuwa wa dhuluma, maana wanawake walifanya sehemu kubwa ya kazi na pembe ikawapita, na vijana waliwekwa nje kwa faida ya wenye mvi. Ni kweli, na sina haja ya kuutetea. Hoja yangu haidai kwamba uzio ule ulikuwa wa haki. Inadai kwamba walijua thamani ya kinywaji inatoka wapi. Uzio mbaya unaweza kubomolewa na kujengwa mwingine. Jin ya kisasa imechukua asali kutoka ndani ya uzio, ikauacha uzio nyuma, kisha ikasema imeileta mila mezani.

Historia ya sheria nayo inatia chumvi kwenye kidonda hiki. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikutana Brussels na kuchora ukanda barani Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, yakaiwekea spiriti vizuizi humo. Baada ya uhuru serikali zetu ziliendeleza hofu hiyo kwa lugha yao wenyewe, safari hii dhidi ya spiriti za kienyeji: Uganda ilitunga Sheria ya Enguli mwaka 1965, Tanzania ikatunga Sheria ya Moshi mwaka 1966, Kenya ikaipiga marufuku chang'aa kwa sheria ya 1980, marufuku iliyokuja kuondolewa mwaka 2010. Muda wote huo mama mwenye pipa na bomba la shaba kando ya mto alikuwa mhalifu. Huko London, watengenezaji jin wa Sipsmith walipata leseni mwaka 2009 baada ya kubishana na watoza ushuru waliodhani mtambo wao ni mdogo mno kuruhusiwa, na wimbi la jin za mikono likaanza. Mtambo mdogo wa London ukaitwa ustadi, mtambo mdogo wa mtoni ukaendelea kuitwa kosa. Najua jibu la serikali, na si jibu la kipuuzi: Novemba 2000, katika vitongoji vya Mukuru, Nairobi, pombe iliyotiwa methanoli iliua zaidi ya watu 100 na kupofusha wengine. Hakuna jadi inayomfaa maiti. Lakini tazama kilichoua. Ni methanoli ya viwandani, na kinachoizuia ni ukaguzi. Asali ya kienyeji haiizuii, wala ukosefu wake hauileti. Kwa hiyo hata sheria, ikiwa na akili zake, inalazimika kuhukumu mwenendo wa mtengenezaji na kilichomo ndani ya chupa, na kuiacha nasaba ya viungo.

Pingamizi ninaloliona kuwa zito kuliko yote halitoki kwenye dini. Linasema hivi: achana na falsafa, mtarakwa ulikuwa ukikatwa kwa ajili ya nguzo za ua, leo matunda yake yana bei, kwa hiyo mti uliosimama una thamani kuliko uliolala. Mrina asali naye anapata mnunuzi asiyembania. Je, huo si wema? Ni wema, na ningekuwa mjinga kuukana. Ila ni wema wa malipo, na malipo yana masharti ambayo lebo haiyataji. Chukua Waogiek. Mizinga yao ya magogo huchongwa kwa mtarakwa, ule ule unaotoa matunda ya jin, na asali ni mahari yao, chakula chao na sadaka yao. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwafukuza Mau, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi. Novemba 2023 familia za Waogiek zilibomolewa tena nyumba na kutolewa msituni. Katika hali hiyo, neno msitu kwenye chupa linaweza kuuzwa bila wenye msitu kuwemo. Mfano wa namna nyingine upo. Afrika Kusini, wasindikaji wa rooibos walitia saini mwaka 2019 mkataba wa kuwalipa Wakhoi na Wasan asilimia 1.5 ya bei ya majani shambani, kwa kutambua kwamba elimu ya mmea ule ni yao. Asilimia moja na nusu haimtajirishi mtu, na wapo wanaosema ni ndogo mno. Lakini ni tarakimu, ina mlipaji na ina mlipwaji. Kenya yenyewe ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda elimu ya jadi. Jin inayotaka kusifiwa kwa ajili ya msitu ionyeshe mkataba wa namna hiyo, na sifa itakwenda kwenye mkataba. Asali itabaki kuwa asali.

Wapenzi wa jin wana utetezi wao mwingine, wa ladha. Mtu anayelipia chupa kwa fedha ambazo kibarua angezitafuta kwa siku kadhaa haendi kulewa. Anaonja, anasikiliza, anatofautisha mdalasini na iliki, na mahali pa mmea pakamjia ulimini. Kwao uonjaji ni namna ya kuijua nchi. Nakubali kwamba kuna elimu ya ulimi, na kwamba mtu aliyeonja matunda mabichi ya mtarakwa anajua kitu kuhusu nyanda za juu ambacho ramani haimwambii. Tatizo ni kwamba elimu hiyo ingepatikana kwa asali yenyewe, kwa kijiko, bila asilimia arobaini za kileo. Mwili nao hausomi lebo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vileo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu mwaka 1988, na Januari 2023 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilisema hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Kuhusu kiasi, Waswahili wana neno lao la zamani kwamba mchovya asali hachovyi mara moja, na hawakuwa wakizungumzia jin.

Hata hivyo ladha na kiasi vinaweza kukutana, na mfano bora niujuao ni wa watawa. Wakartusi wa Ufaransa hutengeneza Chartreuse kwa mimea 130, kwa mapishi yanayotokana na hati waliyopewa mwaka 1605. Kinywaji chao kilipogombaniwa miaka ya karibuni, walikataa kuongeza uzalishaji, na uamuzi huo ukajulikana kote mwaka 2023: hawataki mtambo umeze saa za sala. Mlokole wa Uamsho, ambaye mapokeo yake yalianzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na yanaitazama chupa yoyote kama mlango wa kuzimu, hatashawishika, na simlaumu. Lakini hata yeye ataona kwamba watawa wale hawakuitetea kazi yao kwa kutaja mimea 130. Waliitetea kwa kitu walichokataa kufanya, huku mteja akiwa mlangoni na fedha mkononi. Ni uzio tena, safari hii uliojengwa na wazalishaji wenyewe na kuwagharimu. Ningependa kuona jin ya asali ya Afrika Mashariki inayosema kwenye lebo yake itakomea chupa ngapi kwa mwaka, na kwa nini.

Limebaki pingamizi la mwumini, ambaye huenda amekuwa akivumilia tangu mwanzo: kama kitu ni haramu, au ni dhambi, mikataba na mipaka yote hii ni mapambo, mambo yaliishia kwenye jibu alilopewa Abu Musa. Kwa mnywaji, nakubali, yaliishia hapo. Hayaishii hapo kwa mrina asali. Mfikirie Mwislamu wa Tabora au wa Kondoa mwenye madumu ya asali ya miombo, anayejiwa na mnunuzi wa kiwanda cha jin mwenye bei nzuri kuliko ya soko. Swali lake mafakihi wanalijua, ila kwa zabibu: je, mtu anaweza kumuuzia zabibu atakayezifanya mvinyo? Abu Hanifa aliruhusu, kwa kuwa zabibu ni zabibu na dhambi ni ya atakayezikamua. Wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na al-Shaybani, walichukizwa na mauzo hayo. Kwa Mashafii, muuzaji akishuku tu ni makuruhu. Akijua kwa yakini, wengi wanasema ametenda haramu, ingawa mauziano yenyewe yanasimama na fedha ni zake. Madumu ni yale yale katika hali zote mbili, rangi ile ile ya kahawia, maua yale yale ya miombo. Kilichobadilika ni alichokijua muuzaji wakati anapokea fedha, na mnunuzi anayekuja na lebo imeshachapishwa, yenye neno Tabora kwa herufi za dhahabu, amemwondolea nafasi ya kusema hakujua.